Msichana wa Kitabuni na Msichana wa Kisimani

Liko swali moja ambalo sisi wapenda vitabu hulipita kama mtu anavyompita jirani anayemdai. Mwandishi anapomwandikia msichana wa miaka 16 juu ya mapenzi, anawiwa nini na msichana huyo? Tumezoea kutaja wajibu wa mwandishi kwa taifa, kwa jamii, kwa wazazi na kwa maadili mema. Msichana mwenyewe, yule aliyekaa chini ya mwarobaini na kitabu alichokifunika kwa gazeti ili mwalimu wa zamu asilione jalada, hatumhesabu miongoni mwa wadai. Huyo tunamwandikia ili asikike mtu mwingine.

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika nyanda hizi za kati, ambako mvua ina msimu mmoja tu kwa mwaka, na hata huo mmoja huja kwa kusitasita. Wasichana niliowafundisha walikuwa na vitabu vya aina mbili. Vya kwanza vilikaa juu ya dawati: riwaya na tamthilia zilizopangwa kwa ajili ya mtihani. Vya pili vilikaa chini ya dawati: jarida la Sani, hadithi za mfululizo zilizokatwa magazetini, zikiwamo zile za Eric Shigongo zilizovuma tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kaunta buku ambamo msichana mwenye mwandiko mzuri alikuwa amenakili hadithi nzima kwa kalamu ya bluu, majina ya wapendanao kwa nyekundu. Vyote nilivisoma. Tofauti yao haikuwa kubwa kama walimu tulivyopenda kuamini. Juu ya dawati msichana aliyependa aliangamia kwa lugha fasaha. Chini ya dawati aliangamia pia, ila kwa machozi zaidi na ndani ya gari la kifahari. Aliyenusurika aliolewa. Baina ya arusi na kaburi hapakuwa na mahali pa kukaa hata kwa muhula mmoja.

Mfano ulio bora kuliko yote ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Nasema ulio bora kwa maana zote mbili, kwa kuwa ni riwaya kubwa na mimi ni miongoni mwa wanaoiheshimu. Rosa ni msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, humlinda kwa kipigo. Barua moja tu kutoka kwa mvulana yamletea adhabu ambayo msomaji haisahau. Anapotoka chini ya fimbo hiyo na kwenda masomoni mbali na nyumbani, hana ngao yoyote, kwani hajawahi kufundishwa namna ya kuzungumza na mwanamume bila ama kumkimbia ama kumtii. Mengine tunayajua. Mwisho Rosa anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa sababu ya uwazi wake, kisha baadaye kikaruhusiwa na kikawa cha kufundishia. Nikikumbuka hayo hucheka kidogo. Kitabu ambacho kinamwonyesha baba jinsi ukali usio na mazungumzo unavyomwangamiza mtoto kilifichwa watoto na watu waliokuwa wakitumia ukali uo huo.

Kezilahabi hakumhukumu Rosa peke yake. Lawama aliirudisha nyumbani, kwa Zakaria. Lakini wengi walioandika nyuma yake, na wengi waliofundisha kitabu chake, walichukua kifo wakaacha hoja. Kifo kikawa kanuni. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alimtoa Maimuna kwenye kifungo cha nyumba ya baba yake, akampitisha katika maisha ya aibu mjini, kisha akamrudisha akiwa hai, na mtu wa kumwoa. Ni ujasiri, naukubali, maana Maimuna anaruhusiwa kuanza upya. Hata hivyo mlango aliorudia ni ule ule wa ndoa. Haikosi tutauliza: je, hakuna msichana katika fasihi yetu aliyempenda mtu, penzi likaisha, naye akaamka asubuhi ya Jumatatu akaenda shule?

Siku moja nilikuwa naanza kitabu kipya na kidato cha tatu. Katika kurasa za kwanza kabisa msichana wa hadithi alipokea barua. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, mtoto mpole ambaye aghalabu hakusema, akanyosha mkono: “Samahani, Mwalimu, huyu atakufa ukurasa wa ngapi?” Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Baadaye nililifikiri swali lile njia nzima hadi nyumbani. Yule mtoto hakuwa akifanya utani tu. Alikuwa amegundua kanuni, kama mtu anavyogundua kanuni ya hesabu: msichana apewaye barua hufa. Na aliigundua kuwa ni kanuni ya vitabu. Ya maisha haikuwa hivyo, kwa sababu nusu ya wale wasichana waliokuwa wakicheka walikuwa wameshapokea barua, na wote walikuwa pale, wazima, wakisubiri kengele ya uji.

Nilikuja kujua kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa mbali sana na Dodoma. Mwandishi wa Marekani, Judy Blume, amesimulia kwamba binti yake alichoshwa na riwaya za vijana ambamo msichana aliyelala na mpenzi wake aliadhibiwa kila mara, kwa mimba, kwa kufichwa kwa jamaa wa mbali, au kwa kifo. Akamwomba mama yake amwandikie hadithi ya vijana wawili wazuri wanaopendana bila mmoja wao kulazimika kufa. Mama akaandika, na mwaka 1975 kikatoka kitabu kiitwacho Forever. Katika kitabu hicho penzi la kwanza, licha ya ahadi zote, linaisha, na msichana anaendelea na maisha yake. Hakuna anayeuliwa na mwandishi kwa kosa la kupenda. Kitabu hicho nacho kimepigwa vita katika maktaba na shule nyingi za huko. Kwa hiyo sidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika, wala la Waislamu, wala la Wakristo. Watu wazima wa kila mahali hutishika na msichana anayependa kisha asipate adhabu.

Lakini ndugu msomaji, nisikimbilie upande mmoja. Mwenzangu mmoja kazini, mama mwenye mabinti wanne, alinipinga kwa maneno ambayo siwezi kuyadharau. “Mwalimu mwenzangu,” alisema, “huko Marekani msichana akiteleza ana pa kushika. Hapa akiteleza amekwisha. Wewe unataka kuondoa miiba kwenye boma wakati fisi wapo.” Alisema kweli. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba katika nchi yetu alifukuzwa shule, na kanuni za mwaka 2002 ziliwapa wakuu wa shule uwezo wa kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili. Mwaka 2017 mkuu wa nchi mwenyewe alitangaza hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi darasani. Tangu wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, hadi dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, tulizika vijana wengi. Mwandishi wa miaka ile aliyemuua msichana wake kwa ukimwi hakuwa mwongo. Alikuwa ametoka mazikoni.

Boma la miiba lina kazi yake, basi. Ila miiba ya uwongo hudumu mpaka siku ya kwanza mtu atakapoigusa asichomwe. Msichana aliyeambiwa kwamba kila penzi huishia kaburini anakutana na mvulana njiani, wanazungumza, labda wanashikana mikono, na kesho yake anaamka hajafa. Tangu hapo haamini lolote tulilomwambia, na ndani ya hayo asiyoyaamini yamo yale ya kweli: juu ya mimba, juu ya maradhi, juu ya watu wazima wenye lifti na pesa za chipsi. Tumelitumia neno letu lote kumtisha na kitu kisichokuwapo, na kile kilichopo kinapofika hatuna tena la kumwambia.

Hilo ni dogo. Lipo kubwa zaidi, nalo ndilo hunikosesha usingizi. Hadithi ya kuonya huandikwa kana kwamba wasomaji wake wote bado hawajaanguka. Lakini katika kila darasa nililofundisha alikuwamo mmoja ambaye jambo lilikuwa limekwisha kumpata, naye alikaa na kitabu kile kile, akifuata kwa kidole mstari ule ule. Kwake kitabu hakikuwa onyo. Kilimsomea hukumu. Kilimwambia kwamba msichana wa namna yake, kwa hadithi zote zinazokubalika na wizara na walimu, ana mwisho mmoja tu wenye heshima, na mwisho huo ni kutoweka. Sijui kama kuna jambo baya zaidi ambalo mtu mzima anaweza kumwambia mtoto mwenye siri tumboni, tena kwa maandishi mazuri, tena akimtaka alijibie maswali ya ufahamu. Mwandishi anayemuua msichana wake ili kuwalinda wasichana 39 asipomfikiria huyu wa 40, nathubutu kusema hana haki ya kujiita mtetezi wa maadili.

Wapo watakaosema kwamba kuwasomesha vijana habari za mapenzi ni mambo ya kuletwa. Kwetu Ugogoni hoja hiyo haisimami. Wazee walikuwa na mahali pa kuyasema. Ngoma ya muheme, ambayo wapigaji wake ni wanawake, asili yake ni katika kuwafunda wasichana, na nyimbo za hapo hazikuwa za kumung'unya maneno. Silitetei kila lililofanyika katika desturi hizo. Ukeketaji ulifanyika humo, na sheria ya mwaka 1998 iliufanya kuwa jinai kwa aliye chini ya miaka 18, na ni vema ilifanya hivyo. Ninachosema ni kwamba palikuwa na mtu, shangazi au bibi, mwenye kazi ya kumwambia msichana ukweli juu ya wanaume, juu ya mwili wake, na juu ya moyo wake. Shule ya bweni ilipomtoa msichana kijijini ilimwacha bibi nyuma, na kitabu kikaingia katika nafasi yake bila kujua kwamba kimeingia.

Tazama tofauti. Bibi anapomsimulia mjukuu habari za penzi lake la kwanza, la yule kijana wa kabla ya babu, jambo la kwanza ambalo mjukuu analiona ni kwamba bibi yupo hai. Anachambua mlenda. Ana meno machache na kicheko kikubwa. Aliumia, alilia, huenda alidanganywa, na hapa yuko. Onyo lake lina nguvu kwa sababu limetoka kwa aliyepita akabaki. Bibi hawezi kumwambia mjukuu kwamba kila apendaye hufa, maana uso wake ungemsuta. Riwaya haina uso wa kuisuta, kwa hiyo husema itakavyo.

Tunaliita jambo hili uhalisia, na ndipo ugomvi wangu na wahakiki unapoanza. Uhalisia si wingi wa machungu. Hatari zinazompata msichana wa uwanda huu zina milango yake, na milango hiyo naijua. Upo umbali. Baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004 shule za kata zilienea, jambo jema sana, lakini nyingi zilikuwa za kutwa, na msichana alitembea kilomita nyingi alfajiri na jioni. Anayepita na pikipiki akasema “panda” hahitaji kuwa na sura nzuri. Lipo geto, kile chumba cha kupanga karibu na shule, ambacho wasichana wawili watatu hukaa peke yao na gunia la unga kutoka nyumbani, na unga ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi ndipo mwenye duka anapokuwa mkarimu. Upo mwaka wa ukame, mtama unapokauka ungali mdogo, na baba mwenye madeni anapoanza kumtazama binti yake na kuona ng'ombe wa mahari. Katika milango hii yote mapenzi hayamo, au yamo kidogo tu. Ndyanao Balisidya, mwandishi aliyeujua Ugogo, aliipa riwaya yake ya mwaka 1975 jina la Shida, na naona jina lenyewe ni hoja ya kutosha: kabla hujawalaumu vijana kwa kupendana, tazama kinachowasukuma.

Hadithi inayomlaumu msichana kwa moyo wake huku ikiifumbia macho milango hii haiwi ya kweli kwa sababu tu imemalizika kwa kilio. Kadhalika ile ya chini ya dawati, inayomleta mwanamume tajiri kutoka Dar es Salaam ili amfute machozi, inaifumbia macho milango ile ile, na zaidi ya hapo inampamba mwenye pikipiki. Tukipima kwa uwongo, zote mbili zingelingana uzito.

Nikiulizwa ni msichana gani ningependa kumkuta kitabuni, namwona kisimani. Ni kiangazi, foleni ya ndoo ni ndefu, upepo unapeperusha vumbi jekundu, na yeye ana saa nzima ya kusubiri. Anamfikiria mvulana wa kidato cha nne anayejua hesabu za logarithimu, na wakati huo huo anafikiria mtihani wa baiolojia, na viatu vya mdogo wake, na kama ndoo yake iliyotoboka itafika nyumbani na maji. Wavulana waandishi, nasema wavulana hata wenye mvi, humwandika msichana anayependa kana kwamba hana fikra nyingine kichwani. Nimewasahihishia wasichana insha kwa miaka. Mwenye mapenzi mazito kuliko wote darasani alikuwa pia hodari wa kubishana juu ya Azimio la Arusha, na alikuwa na mpango wa kufuga kuku.

Huyo wa kisimani namtaka apende kwa hiari yake na akatae kwa hiari yake. Namtaka aseme “hapana” kwa sababu hataki. Hofu ya ukurasa wa mwisho isiwe ndiyo inayomsemea. Akiachwa, namtaka aumie kwa muda ambao watu huumia, ambao kwa uzoefu wangu wa bweni ni kama muhula mmoja na likizo fupi. Na mvulana pia namtaka awe mtu, mwenye aibu na hofu zake, maana hadithi inayomfanya kila mvulana kuwa mwindaji inawafundisha wavulana nao wanaosoma. Je, hadithi hiyo itakuwa tamu? Nadhani ndiyo. Nimewahi kuwasomea darasa ukurasa mmoja nilioutunga mwenyewe juu ya msichana anayejaribu kujibu barua bila kuonekana amefurahi sana, na hakuna aliyesinzia, ingawa ilikuwa saa nane mchana na jua la Oktoba.

Katika mwaka ule ule wa 1971 uliotupa Rosa Mistika, Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa iliyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Naona vitabu hivi viwili, riwaya na sheria, kama mapacha wasiofahamiana: kimoja kinamwomboleza msichana aliyekua bila kupewa sauti, kingine kinasema mwenye sauti juu yake ni baba. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo akashinda, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Kisha Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya mimba waruhusiwe kurudi.

Kwa mwandishi wa hadithi tangazo hilo si habari ndogo. Kwa miaka 50 tulisema kwamba msichana wa kitabuni anakwisha pale kwa kuwa msichana wa kweli naye anakwisha pale. Udhuru huo umeondoka. Sasa iko sura ambayo haikuwezekana kuandikwa zamani, nami naitafuta kila ninapopita kwenye meza za vitabu pale mjini. Ni Januari. Mtoto amebaki na bibi yake. Msichana ameshona upya sketi ya shule, kwa sababu kiuno si kile cha mwaka juzi. Anaingia darasani na kukaa dawati la tatu kutoka mbele, na wenzake ni wadogo kwake kwa miaka miwili. Mwalimu anafungua daftari la mahudhurio. Nyuma kuna mtu ananong'ona, mwingine anamnyamazisha. Karibu na dirisha kuna mvulana mgeni kutoka Mpwapwa ambaye hajui lolote juu yake, na amemwazima rula.